Mtoto Haendi Kinango

Kheri wa Waa alikuwa mtandika vitanda. Hakuna aliyemwita hivyo kwa ubaya mkubwa, ila hakuna aliyemwita hivyo kwa heshima pia. Wenzake aliokua nao walikuwa wavuvi, waashi na madereva, na mmoja alikuwa askari jela. Yeye kila asubuhi alivaa shati jeupe akashika njia ya Ukunda mpaka hoteli moja ya Diani, akaingia vyumba vya watu walioshuka pwani kuogelea, akavuta mashuka, akakung'uta mito, akapanga taulo, akafunga mlango nyuma yake kama vile hakuna mtu aliyepita. Kazi hiyo aliianza ujanani na aliipenda. Alikuwa mrefu wa umbo, mpole wa maneno, na mgumu wa shingo. Na ugumu huo ulikuwa umejificha, hata jamaa zake wenyewe hawakujua kuwa anao mpaka mwaka ule aliozaliwa mwanawe.

Mkewe aliitwa Maimuna, fundi wa kushona, mzaliwa wa Kinango. Walikaa miaka mingi bila mtoto, watu wakasema ya kusema, wao wakanyamaza. Kisha Mungu akajaalia. Maimuna akajifungua mtoto wa kike, salama, mchana kweupe, na mtoto akapewa jina la Chiku, jina la marehemu mama yake Kheri. Lakini furaha haikukaa sana. Siku chache baadaye miguu ya Maimuna ilivimba ikawa kama ya mtu mwingine. Akawa hawezi kulala chali, pumzi inamkata kama mtu aliyepanda mlima. Wakarudi hospitali mbio. Daktari akawaeleza kwamba moyo umelegea kwa sababu ya mimba, kwamba maradhi hayo huwapata wanawake wengine bila kosa lao, na kwamba anaweza kupona kabisa akimeza dawa na akipumzika. Akawaambia pia mambo mawili ambayo Maimuna aliyasikia huku ameuma kanga yake: asinyonyeshe, na usiku alale. Kulala kwake, daktari alisema, ni dawa kama hizo nyingine.

Basi wakarudi Waa na mfuko wa vidonge, mkebe wa maziwa ya unga, chupa mbili za kunyonyeshea, na mtoto.

Jirani yao, aliyetenganishwa nao na ua wa makuti tu, alikuwa Shangazi Mwanasha, dada wa baba yake Kheri. Ndiye aliyemlea Kheri alipofiwa na mama, na neno lake katika mji ule lilikuwa zito. Alimpokea mtoto kwa vigelegele, akamsomea, akambusu. Kisha akauona ule mkebe juu ya meza na uso wake ukabadilika. Akasema maziwa ya mkebe ni ya mayatima, na mtoto huyu mama yake yuko hai. Akamshauri Maimuna anywe uji wa pilipili manga, ampe mtoto ziwa kimya kimya, kwani madaktari wa siku hizi wanaogopa kila kitu. Maimuna akamjibu kwa adabu kwamba hatafanya hivyo. Alipoondoka shangazi, Maimuna aligeukia ukuta, akalia bila sauti, na Kheri akakaa ukingoni mwa kitanda asijue mkono wake auweke wapi.

Usiku wa siku za mwanzo ulikuwa vurugu tupu. Mkebe ulikuwa sebuleni, maji ya moto yalikuwa jikoni uani, chupa zilikuwa popote zilipoachwa. Mtoto alipoanza kulia, Kheri aliruka, akawasha taa kubwa, akagonga kiti, akatoka uani kutafuta maji, akarudi kuchukua kijiko, akasahau amepima vijiko vingapi, akamwaga, akaanza tena. Wakati huo wote mtoto analia na mama yake amekaa kitandani macho wazi, anahema. Maziwa yakitoka yanakuwa ya moto mno. Yakipoa, mtoto keshachoka kulia na hataki tena kunyonya. Usiku mmoja Maimuna alishindwa kuvumilia. Aliinuka ili asaidie, akafika mlangoni, akaanguka. Kheri alirudi kutoka uani akamkuta sakafuni, ameegemea mwimo wa mlango, midomo imepauka, anamwambia pole pole, "Sijafa. Mpe mtoto kwanza."

Habari ile haikungoja jua likolee. Shangazi alijua, na kabla ya adhuhuri Kinango nao walijua. Siku ya pili Bi Sidi, mama yake Maimuna, akafika na mwanawe wa kiume, Nzai, na mkononi ameshika leso mpya ya kumbebea mjukuu.

Walikaa sebuleni. Kheri akamwamkia mkwewe shikamoo, akiwa amejitenga naye kidogo kama desturi inavyotaka, maana kwao mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawazoeani, na chumba cha kulala cha mkwe ni mahali ambapo mama mkwe haweki mguu. Bi Sidi hakuwa mtu wa shari. Alizungumza taratibu, akitazama mkeka.

"Mkwe, sikuja kugombana nawe. Nimekuja kukupunguzia mzigo. Nipe mtoto, mke wako apate kupona. Akishapona nitamrudisha mwenyewe."

Na upole huo ndio uliomtatiza Kheri, kwa sababu mtu akikujia kwa matusi ni rahisi kumkatalia. Akauliza kwa heshima mtoto atakula nini huko. Bi Sidi akasema kuna mbuzi waliozaa, maziwa yao yakizimuliwa kwa maji hayana tabu, na shingo ikikaza atapewa uji mwepesi. Hivyo ndivyo alivyowakuza Maimuna na ndugu zake wote. Kheri aliyakumbuka maneno ya muuguzi hospitalini kwamba mtoto mchanga asipewe maziwa ya mbuzi wala uji. Akakumbuka na maji ya Kinango mwaka ule wa ukame, wanawake wanavyokwenda bwawani na punda, maji yenyewe yana rangi ya chai. Lakini hayo hakuyasema. Humwambii mtu kwamba maji ya kwao ni machafu.

Shangazi Mwanasha akaona kimya hicho ni kukubali, akaongeza lake. Akasema mwanamume hakai usiku kucha na mtoto mchanga, si mila, na watu wameanza kucheka. "Mpe bibi yake, mwanangu," akasema. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

"Na mimi ni nani, shangazi?" Kheri akauliza.

Shangazi akamtazama.

"Mtoto haendi Kinango," akasema Kheri. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nawaheshimu nyote. Lakini mtoto haendi."

Nzai akakohoa. Shangazi, ambaye tangu amlee Kheri hakuwahi kuambiwa naye neno la kukataa, alijifunika ushungi wake vizuri kama mtu aliyepigwa na upepo. Bi Sidi ndiye aliyeokoa kikao. Akasema basi yeye ataketi hapa hapa mpaka siku ya kliniki. Mzani ukionyesha mtoto anakua, atarudi kwake na leso yake. Usipoonyesha, ataondoka naye, na Kheri mwenyewe atawasindikiza mpaka barabarani. Kila mtu akaona ni haki, na Kheri, aliyekuwa hajalala siku nyingi, akasema sawa. Nyuma ya pazia la chumbani Maimuna alisikia neno kwa neno. Hakuna aliyemuuliza.

Kesho yake ilikuwa siku ya Kheri ya kupumzika kazini. Alikwenda kwanza zahanati kumwona muuguzi, dada mmoja aitwaye Jemima, akamwomba amfundishe tangu mwanzo kama vile hajui kitu. Jemima alimwambia angeweza kutumia hata kikombe kidogo, ni rahisi kusafisha kuliko chupa. Kheri akasema usiku gizani atamwagia mtoto puani, atabaki na chupa, ataisafisha. Basi Jemima akamfundisha: osha, chemsha, funika, maji yawe yamechemka na bado ni moto unapotia unga, pooza chupa ndani ya maji baridi, jaribu tone kwenye kifundo cha mkono, kinachobaki kimwage, usikiweke akiba hata kama roho inakuuma.

Kisha akarudi nyumbani, akasimama katikati ya chumba chake cha kulala, mikono kiunoni, akakitazama kama anavyotazama chumba cha hoteli mgeni anapoondoka na kukiacha kimepinduka. Akaona kosa lilipokuwa. Kilikuwa chumba cha watu wawili wanaolala, na sasa wanaishi humo mgonjwa anayepaswa kulala na mtoto asiyepaswa kungoja. Kila mmoja alihitaji chumba chake, na chumba kilikuwa kimoja.

Alianza na kitanda. Kilikuwa kitanda kikubwa cha mvule, cha harusi, kimesimama katikati ya ukuta kama kiti cha sultani. Alikisukuma mpaka pembeni kabisa, mbali na mlango. Akaweka tofali mbili chini ya miguu ya kichwani ili Maimuna alale ameinuka, pumzi ipate njia. Shangazi, aliyesikia mkwaruzo wa miguu ya kitanda kutoka kwake, akaja kuchungulia, akasema kitanda cha harusi hakihamishwi hivi hivi, ni mkosi. Kheri akamjibu kwamba mkosi utakaokuja ataupokea yeye, akaendelea kusukuma.

Akafunga kamba ukuta kwa ukuta, akatundika pazia zito la rangi ya kahawia, Maimuna na neti yake upande wa ndani, yeye na mkeka wake wa kulalia, pamoja na mtoto, upande wa mlango. Binamu yake, Chande, seremala, alikuwa amemletea kitanda kidogo cha mtoto. Kheri akamwomba aikate miguu ya kitanda hicho mpaka kimo cha kiti, ili mtu aliyeketi aweze kumwinua mtoto na kumlaza bila kusimama. Ndani akaweka godoro jembamba, gumu, na shuka lililovutwa likabana pande zote. Shangazi alikuwa ameleta mto laini wa sufi alioushona mwenyewe. Kheri aliupokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akauweka kabatini. Hospitalini walikuwa wamemwambia mtoto mchanga alale chali pasipo mto.

Ikabaki meza. Meza iliyofaa katika nyumba ile ilikuwa moja tu, ile ya cherehani. Kheri aliizunguka mara kadhaa, hakuigusa. Maimuna akamwona kutoka kitandani.

"Ichukue," akasema.

"Ni meza yako ya kazi."

"Na hii si kazi? Itoe cherehani, uiweke chini ya dirisha. Lakini uifunike, isiingie chumvi ya upepo wa bahari."

Akaiweka meza mkono wake wa kulia anapoketi. Juu yake, kushoto, thamosi ya maji yaliyochemshwa. Katikati, sinia lenye chupa safi zilizofunikwa kitambaa kilichopigwa pasi. Kulia kwake mkebe na kijiko chake cha kupimia ndani, na kisu butu cha kukwangulia kijiko kiwe sawasawa. Mbele, bakuli la maji baridi ya kupoozea. Chini ya meza beseni lenye kifuniko la kutilia chupa iliyotumika, isije ikachanganyika na safi. Mkono wa kushoto, kwenye stuli, nepi, vitambaa na taulo ndogo ya kuweka begani mtoto anapobeua. Taa ya sola akaiweka sakafuni nyuma ya mguu wa meza na kuizungushia kitambaa chekundu, ili mwanga uonyeshe mikono yake tu, usivuke pazia.

Alipomaliza akaketi, akafumba macho, akajizoeza. Mkono wa kushoto kwenye nepi. Wa kulia kwenye sinia, thamosi, mkebe, bakuli. Alifanya hivyo mchana ule mara nyingi mpaka akawa hagusi kisichotakiwa. Bi Sidi, sebuleni, alimwona kupitia uwazi wa mlango, mwanamume mzima amekaa anapapasa meza na macho amefumba. Akamnong'oneza Nzai kwamba pengine mkwe wao amerukwa na akili. Nzai akasema yeye anarudi Kinango kwa mifugo yake, akaenda zake.

Kila jioni baada ya magharibi Kheri alichemsha chupa na chuchu zake ndani ya sufuria ambayo haikupikiwa kitu kingine, akazitoa kwa koleo, akazipanga juu ya sinia, akajaza thamosi. Mchana alipokuwa kazini, shangazi ndiye aliyempa mtoto chupa, kwa kipimo alichoonyeshwa na huku akinung'unika. Wanaume waliotoka msikitini walipita njia ya uani kwake wakamwona kwenye jiko. Mmoja wao, Mwero, mwenye duka la vipuri vya pikipiki na ulimi usiokuwa na kifuniko, alimuuliza mbele ya wenzake kama na ziwa ameshaota. Watu wakacheka. Kheri akaigeuza chupa moja kwenye maji yanayotokota, akamwambia Mwero kwamba mke wake yeye alizaa watoto watano, na kama anakumbuka hata mmoja wao alikuwa akilia saa ngapi usiku, aseme sasa. Mwero akashika njia. Tangu hapo mzaha haukwisha, ila ulisemwa kwa mbali.

Wala si kwamba mambo yalinyooka yote. Usingizi ni deni la mwili na mwili hudai. Hotelini alisinzia ndani ya stoo ya mashuka, amesimama, kichwa kwenye rundo la taulo, na msimamizi wake, mama mmoja kutoka bara aitwaye Faith, akamkuta. Alimkaripia vikali. Kisha akamuuliza kulikoni, na Kheri akamweleza yote bila kupamba. Faith hakusema pole. Alimhamishia vyumba vya chini, visivyo na ngazi, na akamwambia saa ya chakula cha mchana alale, atamwamsha yeye mwenyewe. Lakini akimkuta amelala saa nyingine, atamwandikia barua. Kheri akaona huo ni ungwana wa kutosha.

Bi Sidi alikuwa akilala sebuleni kwenye mkeka. Usiku wa kwanza chumba kilipokwisha kupangwa, alilala nusu macho, akingojea ile vurugu aliyosimuliwa. Mtoto akalia kidogo. Bi Sidi akainuka kuketi. Kilio kikakatika. Akangoja kirudi, hakikurudi. Hakuona taa, hakusikia kiti kuburutwa wala mlango wa uani kufunguliwa. Kimya kile kikamwingia moyoni vibaya, maana alishawazika wawili wa kwake wakiwa wachanga, na wote walinyamaza hivyo hivyo. Akainuka, akapapasa ukuta, akafika kwenye mlango wa chumba ambacho mila haikumruhusu kuingia, akasimama hapo akishika mwimo.

"Mkwe," akaita kwa sauti ya chini. "Mtoto yu hai?"

"Yu hai, mama. Anakunywa."

Akasikiliza. Kweli, palikuwa na ile sauti ndogo ya kumeza, na pumzi ya puani. Na nyuma yake palikuwa na sauti nyingine, nzito, ya kukoroma taratibu.

"Na huyo ni nani?"

"Ni mwanao. Amelala."

Bi Sidi hakurudi kwenye mkeka wake mara moja. Aliketi chini pale pale mlangoni, mgongo kwa ukuta, upande wake wa mila. Maimuna alikuwa hajakoroma tangu atoke hospitali. Kheri alimsikia mama mkwe akivuta makamasi, akajifanya hakusikia. Alimweka mtoto begani, akampapasa mgongo mpaka akabeua, akamlaza, akaitia chupa kwenye beseni. Alipotazama tena mlangoni, mama alikuwa ameshaondoka.

Asubuhi Bi Sidi hakumtaja mtu kwa sifa. Alitundika hirizi yake juu ya mlango wa chumba, kwa nje, akamwambia Kheri asiitoe. Alikuwa ametaka kumvisha mtoto shingoni. Kheri akasema mlangoni ni pazuri, shingoni hapana, na wote wawili wakaliacha hapo.

Ilipofika siku ya kliniki walikwenda wote, Maimuna akitembea pole pole kwa mara ya kwanza tangu augue, Bi Sidi na leso yake mpya kwenye mkoba, na Shangazi Mwanasha, ambaye hakualikwa. Jemima akamvua mtoto, akamtia kwenye mzani. Watu wazima wanne wakauinamia.

Uzito ulikuwa umeongezeka. Lakini haukuongezeka sana. Jemima akaeleza kwamba mtoto huyu alianza vibaya, siku zile za mwanzo alipungua, kwa hiyo kupanda huku ni kuzuri na anataka kumwona tena baada ya wiki. Alizungumza kwa uwazi, lakini kila mtu alisikia alichokuja kukisikia. Shangazi alisikia "haukuongezeka sana." Bi Sidi alisikia "alianza vibaya." Nje, kwenye benchi chini ya paa la mabati, Bi Sidi akaanza kuifungua leso, mikono yake ikisitasita, akasema kidogo hiki si cha kutegemea, na mkwe anakumbuka walivyoahidiana.

Kheri akafungua mdomo. Alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, na ahadi ile aliitoa yeye. Kabla hajasema, Maimuna akasimama. Akajishika kwenye nguzo, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa mumewe, akampakata.

"Mama," akasema, "nyinyi mliahidiana. Mimi sikuahidiana na mtu. Nililala nyuma ya pazia, mkanigawia mwanangu kama kuku wa mirathi."

"Maimuna, ninakuonea huruma..."

"Ninajua. Lakini nisikilize. Mtoto haendi, na si kwa sababu ya mzani. Hata angekuwa amepungua leo, asingekwenda. Ningempeleka kwa daktari na nikarudi naye kwangu. Mimi simnyonyeshi, na watu wasema simtaki. Basi waseme. Anayemnyonyesha ni baba yake, kwa mkono wake, na mimi ninalala ili nisimwachie mtoto asiye na mama. Mnataka nini zaidi ya hapo?"

Shangazi Mwanasha alisema mtoto wa watu asimsemeshe mama yake hivyo mbele za watu. Maimuna akamgeukia kwa heshima zote, akamwambia, "Shangazi, nisamehe, na neno langu ni lile lile." Kisha akaketi kwenye benchi. Kheri alitazama chini. Aliona haya, maana ni yeye aliyesema sawa siku ile bila kumuuliza mwenye mwana.

Bi Sidi aliikunja leso. Aliondoka Waa siku hiyo hiyo, hakungoja chai. Alikuwa amekasirika, na hasira ile ilikaa muda. Simu zikipigwa alizungumza na Maimuna maneno ya salamu tu, na kumuuliza habari za mtoto kwa kupitia Nzai. Baadaye, mvua zilipofika Kinango, aliwaletea mahindi mabichi kwa mkono wa mtu, na ndani ya gunia, chini kabisa, kanga kuukuu iliyofuliwa ikalainika, iliyokatwakatwa na kupindwa vipande vya nepi. Hakutuma neno. Maimuna alivipanga vile vipande kwenye stuli.

Shangazi Mwanasha hakubadilika hata kidogo. Mpaka leo anasema mtoto wa Kheri amekuzwa kinyumenyume. Lakini akimpakata haachii, na mtu mwingine akisema neno kuhusu mkebe, shangazi ndiye wa kwanza kumfukuza uani.

Mzani uliendelea kupanda, wiki moja vizuri, nyingine kidogo. Mara moja mtoto aliharisha, Kheri akachakaa kwa hofu, akazichemsha chupa mpaka moja ikapinda, akaambiwa na Jemima kwamba ni tumbo la kawaida la watoto na aendelee kama alivyo. Na Maimuna, pole pole, miguu ikarudi kuwa yake. Alianza kulala bila tofali. Kisha daktari akampunguzia vidonge, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu, akatabasamu. Akamwambia sasa anaweza kuamka usiku mara moja, akipenda.

Usiku ule ule mtoto alipolia, Kheri alinyoosha mkono na kukuta kiti kina mtu. Maimuna alikuwa ameshavuka pazia, ameketi.

"Rudi ulale," akamwambia. "Kule kwangu, kwenye kitanda kikubwa. Leo ni zamu yangu."

Kheri akaenda, akalala ndani ya neti, macho wazi, anasikiliza. Akausikia mkebe ukifunguliwa. Akausikia kijiko. Akasikia mkebe ukiwekwa mahali ambapo mkebe haukai, upande wa thamosi. Akavumilia. Akasikia bakuli likisogezwa.

"Mkebe unakaa kulia," akasema kutoka gizani.

 Maimuna alikuwa akijaribu tone la maziwa kwenye kifundo cha mkono wake, kwa mara ya kwanza, na mtoto amefungua mdomo kama kinda.

"Chumba hiki ni changu pia," akasema. "Mkebe utakaa nitakapouweka. Lala, baba Chiku."

Akalala.